Winchi na Mnyama Mkubwa: Mashine Inasaidia Wapi, Inadhuru Wapi

Video za wawindaji wa Alaska, Québec na Sweden zimezua ubishi mkubwa. Mashine ndogo yenye injini imefungwa kwenye shina la mti, kamba imekaza, na musi, mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu, anaburutwa kutoka kinamasini huku mwindaji amesimama pembeni. Mmoja husema huo si uwindaji bali udanganyifu. Mwingine huapa kwamba sheria inakataza. Wa tatu anauliza kama nyama iliyoburutwa namna hiyo inalika, na wa nne analia na msitu unaoharibiwa.

Hayo ni maswali manne tofauti, nayo yametiwa kwenye chungu kimoja. Ubishi hauishi kwa sababu kila upande unajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza. Wala suala lenyewe si la mbali na msomaji wa Kiswahili. Familia nyingi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi zimehamia Portland na Lewiston, katika jimbo la Maine, ambako uwindaji wa musi kwa bahati nasibu ya vibali ni shughuli ya kila mwaka. Tanzania nayo, winchi ya gari ni kifaa cha kawaida katika vitalu vya uwindaji. Makala haya yanatenganisha maswali hayo, yanapima hoja za kila upande, kisha yanatoa uamuzi.

Kiini cha tatizo ni uzito

Mwindaji wa sungura au digidigi hana haja na mjadala huu, kwa sababu anabeba kitoweo chake begani. Shida huanza uzito wa mnyama unapozidi nguvu za watu waliopo. Musi dume wa Alaska aliyekomaa hufikia kilo 725. Kwa makadirio ya idara ya wanyamapori ya jimbo hilo, mnyama wa uzito huo, akishatolewa matumbo na kutayarishwa, hubaki na kilo 430 hivi, na nyama tupu inayopatikana ni karibu kilo 225. Nyati dume wa Afrika huwa na kilo 600 hadi 800, na pofu dume anaweza kumzidi.

Tuchukue mzoga wa kilo 430 na tuuburute kwenye ardhi tambarare yenye majani. Msuguano ukiwa wastani, nguvu inayohitajika ni kama kilo 260. Tukiupandisha mteremko wa nyuzi 30, nguvu hiyo inazidi kilo 430, yaani ni sawa na kuuinua mzoga wote. Ukikwama kwenye kisiki au ukizama kwenye tope, hesabu hiyo hupanda tena. Watu watatu au wanne hawaivuti nguvu ya namna hiyo kwa muda mrefu, na kujaribu kufanya hivyo ni hatari kwa moyo na mgongo, hasa kwa watu wa makamo ambao mwaka mzima hukaa ofisini.

Jambo la pili ni muda. Adui mkubwa wa nyama ya porini ni joto la mwili wa mnyama mwenyewe. Manyoya mazito ya musi yaliyoumbwa kuzuia baridi huendelea kulinda joto hata baada ya kifo. Nyama huanza kuharibika ndani kabisa, karibu na mfupa wa nyonga, mahali ambapo upepo haufiki. Kwa hiyo njia yoyote ya kumtoa mnyama lazima ipimwe kwanza kwa swali hili: inaharakisha au inachelewesha kupoa kwa nyama?

Winchi za aina tatu

Wengi huzungumzia winchi kana kwamba ni kitu kimoja. Zipo za aina tatu, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni ya mkono, inayovutwa kwa wenzo. Ni nyepesi, haina kelele, haihitaji mafuta, na bei yake ni nafuu. Udhaifu wake ni waya mfupi, kwa kawaida wa mita chache tu. Inafaa kumgeuza mnyama, kumnasua kwenye magogo au kumtoa majini hadi ukingoni, lakini haifai kumsafirisha.

Ya pili ni ya umeme wa betri, ile inayofungwa mbele ya gari au pikipiki ya magurudumu manne. Ina nguvu, lakini inadai gari lifike karibu. Waya wake hujiviringisha kwenye pipa, na kadiri tabaka za waya zinavyoongezeka juu ya pipa, ndivyo nguvu ya kuvuta inavyopungua.

Ya tatu, ambayo ndiyo imezua mjadala, ni ile ya injini ndogo ya petroli inayobebwa mgongoni. Kamba haihifadhiwi ndani yake. Inazungushwa mara kadhaa kwenye pipa linalozunguka, na mwendeshaji anavuta ncha yake kwa mkono. Msuguano wa kamba na pipa ndio unaofanya kazi. Moja inayofahamika, yenye injini ya cc 50 hivi, ina uzito wa kilo 16, huvuta tani 1 na huenda kama mita 12 kwa dakika. Nguvu yake haibadiliki, na urefu wa kamba ni uwezo wa mwindaji kuibeba. Akiongeza roda moja inayotembea na mzigo, nguvu inakaribia kuwa maradufu na mwendo unapungua kwa nusu.

Hoja za wanaoitetea

Hoja yao ya kwanza na yenye uzito mkubwa ni kwamba winchi huzuia ufujaji. Mnyama akianguka katikati ya kinamasi au ndani ya maji yanayofika kiunoni, hakuna namna ya kumchuna vizuri pale alipo. Tope linaingia kwenye nyama na kisu hakionekani kinapokata. Kumvuta mita 80 hadi kwenye ardhi kavu ndiko kunakookoa nyama. Hapo winchi haishindani na ukataji wa mapande, bali inauwezesha.

Hoja ya pili ni ardhi. Ukilinganisha na pikipiki ya magurudumu manne inayoingia kinamasini na kutoka mara kadhaa, kamba huacha mkwaruzo mmoja mwembamba ambapo magurudumu yangechimba mifereji ya kudumu kwa miaka. Mashine inabaki mahali pakavu, na kinachoingia kwenye tope ni kamba peke yake.

Hoja ya tatu ni watu. Mwindaji mzee, mwenye ulemavu, au aliye na msaidizi mmoja tu, anaweza kushiriki bila kuhatarisha maisha yake. Katika nchi ambako uwindaji huijazia familia jokofu la nyama kwa msimu mzima, hilo si jambo dogo.

Udhaifu wa hoja hizi ni kwamba watetezi huzungumza kana kwamba umbali hauna mwisho. Chukua mnyama aliyeanguka kilomita 2 kutoka barabarani. Kwa kamba ya mita 100, mwindaji atahamisha mashine mara 20, na kila mara atatafuta mti imara, atafunga mkanda, atanyoosha kamba, kisha atarudi kuuangalia mzoga. Kuvuta peke yake, bila kusimama hata mara moja, kutachukua karibu saa 3. Ukijumlisha kuhama na kukwama, siku nzima imekwisha, na muda wote huo nyama iko ndani ya ngozi yake ikiiva kwa joto lake yenyewe.

Hoja za wanaoipinga

Wapinzani wa kwanza husema mashine inavunja maadili ya uwindaji wa haki. Wazo hilo lina mizizi mirefu Marekani. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt, ndiyo iliyolieneza: mnyama awe huru na apewe nafasi ya kweli ya kutoroka. Lakini tukilisoma wazo hilo kwa makini, linahusu kinachotokea kabla ya risasi. Mnyama aliyekwisha kufa hana nafasi ya kupewa wala kunyimwa. Kwa maana hiyo, kuiita winchi udanganyifu ni kulipeleka neno mahali pasipo pake.

Hata hivyo, ndani ya lawama hiyo kuna jambo la kweli, nalo linastahili kusemwa wazi. Kifaa cha kumtoa mnyama kinaweza kumbadilisha mwindaji kabla hajafyatua. Anayejua kwamba hana njia ya kumtoa mnyama korongoni huacha kumpiga. Aliye na mashine garini anaweza kujipa moyo, akapiga, kisha akagundua kwamba kamba haitoshi, kwamba hakuna mti wa kufungia, au kwamba giza limeingia. Hapo winchi imezaa ufujaji ule ule ambao ilinunuliwa kuuzuia.

Wapinzani wa pili hutetea ukimya. Injini ya petroli husikika mbali, na mwindaji mwingine aliyengoja tangu alfajiri hupoteza siku yake. Wapinzani wa tatu hutetea miti. Waya au kamba nyembamba ikizungushwa moja kwa moja kwenye shina, hukata gome, na mti uliokatwa gome pande zote hufa. Lawama hii ni ya haki, lakini dawa yake ni rahisi, nayo ni mkanda mpana.

Njia ya tatu: kukata mapande papo hapo

Kuna kundi linalosema mjadala wote ni wa bure. Mchune mnyama alipoanguka, kata mapaja, mikono, shingo, mbavu na sarara, weka kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, beba mgongoni. Nguvu ya hoja hii iko kwenye joto. Ngozi ikitoka na mapande yakitenganishwa, nyama hupoa haraka kuliko kwa njia nyingine yoyote, na haigusi udongo.

Udhaifu wake ni miguu ya binadamu. Kilo 225 za nyama tupu, kwa mizigo ya kilo 32, ni safari 7. Kama gari liko kilomita 2, mtu mmoja atatembea kilomita 14 akiwa na mzigo na kilomita 12 akirudi mikono mitupu, ndani ya vichaka na magogo. Panapotakiwa nyama ibaki kwenye mifupa, kama inavyoagizwa katika baadhi ya maeneo ya Alaska, uzito unaongezeka zaidi. Kwa watu wanne ni kazi ya siku moja, lakini kwa mmoja ni hatari kwake na kwa nyama.

Ugonjwa nao umeingia katika hesabu hii. Ugonjwa wa kudhoofika wa jamii ya kulungu uligunduliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, na mwaka 2016 ukaonekana Norway. Protini zinazousababisha hujikusanya zaidi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo majimbo mengi ya Marekani yamebana usafirishaji wa mizoga mizima kutoka sehemu zenye maambukizi. Mwindaji anayemvuta mnyama mzima hadi kwenye gari anaweza kujikuta amebeba kitu asichoruhusiwa kuvuka nacho mpaka wa jimbo.

Sheria inasemaje

Hakuna jibu moja, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Marekani, Sheria ya Nyika ya mwaka 1964 inakataza vifaa vya injini ndani ya maeneo ya nyika yaliyotengwa na serikali kuu. Winchi ya petroli hairuhusiwi humo, kama ilivyo kwa msumeno wa injini. Hata mkokoteni wa magurudumu wa kubebea nyama haupiti, kwa kuwa ni usafiri wa kimashine. Nje ya maeneo hayo, kanuni za jimbo na za mwenye ardhi ndizo zinazoamua.

Alaska kipaumbele ni nyama. Kuacha nyama inayofaa kuliwa ni kosa kubwa, na kwa musi sheria inataja mikono, mapaja, mbavu, shingo na nyama ya mgongo kwamba vyote vitolewe porini. Sheria hiyo ya nyama haiulizi umeitoaje. Inauliza kama umeitoa.

Sweden, sheria ya mwaka 1975 inazuia kuendesha magari nje ya barabara kwenye ardhi isiyo na theluji, lakini kanuni zake zinamruhusu mwindaji kumsafirisha musi, dubu au nguruwe mwitu aliyekwisha kuuawa. Mantiki yake iko wazi: mashine haimfuati mnyama aliye hai, bali inamchukua aliyekufa.

Tanzania inatumia mantiki inayofanana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza gari kutumika kama chombo cha kuwindia. Baada ya nyati kuanguka, hata hivyo, utaratibu unaojulikana kitaluni ni gari kusogezwa, vijana wakifyeka njia kwa panga, waya wa winchi ukipitishwa juu ya kabini, na mnyama kuvutwa hadi nyuma ya gari. Swali la kujiuliza ni la hifadhi: katika korongo au mbuga yenye udongo mweusi, je, si afadhali kamba ndefu na mashine ndogo kuliko tairi nne za gari zito? Swali hilo linazidi kuwa na maana tangu kanuni za mwaka 2020 zilipofungua mlango wa mabucha ya nyamapori, kwa kuwa nyama inayouzwa lazima ifike safi. Kwa Kenya, iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, mjadala huu hauhusu leseni yoyote.

Je, nyama inalika?

Kuburuta hakuiharibu nyama ikiwa ngozi iko nzima. Kinachoiharibu ni kuburuta mnyama aliyepasuliwa tumbo lote, tope na majani yakaingia ndani. Hapa kuna mvutano halisi: matumbo yakicheleweshwa, joto na gesi huanza kazi yao, yakitolewa mapema, uchafu hupata mlango. Suluhisho linategemea umbali. Mita mia moja za kuvutwa mara moja zinaweza kutangulia kisu. Zaidi ya hapo, tumbo lifunguliwe kwa mkato mfupi, kisha lifungwe kwa kamba kabla ya kuvuta.

Namna ya kufunga nayo ina maana. Mnyama huvutwa kwa kichwa mbele, ili manyoya yalale kufuata mwendo. Miguu ya mbele hukunjwa na kufungwa pamoja na shingo ili isishike visiki. Kichwa hulazwa juu ya karatasi ngumu ya plastiki, au kuvalishwa kofia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ili kiteleze juu ya magogo.

Kwa Mwislamu, winchi yenyewe haibadilishi hukumu. Kinachobadilisha ni hali ya kifo. Windo lililoanguka majini na isijulikane kama limekufa kwa silaha au kwa kuzama, mafundisho yanayofuatwa ni kutolila. Kwa kuwa musi hupenda kusimama ziwani, suala hilo liamuliwe kabla ya kufyatua.

Usalama usio na mjadala

Pande zote zinakubaliana hapa. Kamba inayonyumbuka huhifadhi nguvu, na ikikatika hurudi kwa kasi ya kuua. Kamba ya poliesta iliyosukwa mara mbili hunyumbuka kidogo, ndiyo maana inapendekezwa kuliko nailoni. Pale kamba inapokatishwa kona kwa roda, mtu asisimame ndani ya pembe hiyo. Roda inayogeuza kamba nyuzi 90 huvutwa na karibu mara moja na nusu ya nguvu iliyo kwenye kamba. Ikiigeuza irudi ilikotoka, huvutwa mara mbili. Mkanda na mti wake lazima vihimili hivyo.

Faida ya winchi ya pipa linalozunguka ni kwamba mwendeshaji akiilegeza ncha ya kamba, uvutaji husimama. Lakini mizunguko ikipandana, kamba hujikaza yenyewe na mashine huendelea kuvuta. Macho yasitoke kwenye pipa, na vidole visilisogelee. Winchi ya kuvutia haikutengenezwa kuning'iniza mzoga juu ya vichwa vya watu. Na hakuna kamba inayofungwa kabla ya kuhakikisha kwamba mnyama amekufa.

Kupima mizani

Tukiweka hoja zote pamoja, vigezo vinavyoamua ni vitatu: umbali, ardhi na idadi ya watu. Katika mita chache hadi mia mbili hivi, penye maji, tope au korongo, winchi inashinda njia zote kwa usalama, kwa usafi wa nyama na kwa kuihurumia ardhi. Umbali unapozidi hapo, kila mita inaihamishia ushindi njia ya kukata mapande, na winchi iliyokuwa msaada inageuka chanzo cha kuchelewa. Pale palipo na njia halali ya gari hadi kwa mnyama na ardhi ni ngumu, winchi ya gari inatosha na mashine ya pili ni gharama tu.

Hoja ya maadili ina nguvu, lakini si kwa mashine. Anayepaswa kuulizwa ni mwindaji, na wakati wa kumuuliza ni kabla ya risasi. Akiwa na mpango wa kumtoa mnyama bila kutegemea injini kuwaka, basi winchi kwake ni nyongeza ya busara. Akiwa hana mpango mwingine, ameweka rehani nyama ya mnyama mzima kwa mashine moja, na hiyo ni dhamana ndogo mno kwa uhai aliouchukua.

Kwa ufupi

Winchi ya kubebeka haivunji haki ya mnyama, kwa kuwa inaanza kazi baada ya kifo chake. Uhalali wake hutegemea mahali: imekatazwa katika maeneo ya nyika ya Marekani, na sheria za Sweden na Tanzania zinatofautisha mashine ya kumfuata mnyama na mashine ya kumtoa. Nyama haiharibiki kwa kuburutwa, bali kwa joto na uchafu, na vyote viwili vinadhibitiwa na umbali mfupi na mkato mdogo. Ardhi inanufaika pale kamba inapochukua nafasi ya magurudumu na mkanda mpana unapolinda miti. Mwindaji anayetaka kifaa hiki akinunue kwa ajili ya mita mia za kwanza kutoka majini hadi penye ukavu, abebe pia visu, mifuko ya nyama na watu wa kutosha, na asimpige mnyama pale ambapo vifaa hivyo na watu hao hawawezi kumtoa.